Luku Inapopepesa

Nkwabi alikuja na jambo lake asubuhi,
vumbi la Isevya bado liko kwenye ndala:
"Mama Nyamizi, tovuti ya wafuga nyuki
tuipake nyeusi. Nyeusi tititi.
Weupe unakula umeme."

Nikamtazama. Mimi ndiye mnunuzi wa yuniti.
Mimi ndiye nijuaye kwamba elfu tano
huisha kabla mteja wa tatu hajasema
"futa hapo, andika upya."
Lakini asali ya Sikonge, nikauliza,
yenye rangi ya jua la saa kumi na moja,
utaiweka gizani nani aione?

"Gizani ndipo inapong'aa."
Ana ulimi, kijana yule.

Basi tukafunga mlango.
Tukazima feni, printa, redio,
tukachomoa hata waya tusioujua
uliopenya chini ya ukuta wa jirani, fundi cherehani,
tangu lini, Mungu anajua.
Ikabaki kompyuta moja na monita ya chogo
niliyoipata kwenye mnada wa reli,
nzito kama mtungi uliojaa,
ina joto la paka aliyelala.
Nikapanda kigoda, macho kwenye luku,
kwenye kile kitaa chekundu kinachopepesa
kila tunapomeza tonge la umeme.
Dakika kumi, kwa saa ya marehemu mume wangu.

Ukurasa mweupe: mipepeso ishirini na mitatu.
Ukurasa mweusi: ishirini.

Nkwabi akaruka, akagonga meza.
Mitatu! Mitatu kwa dakika kumi!
Akaanza kuzidisha kwa siku, kwa mwezi,
kwa kila nyumba kutoka Ng'ambo hadi Kiloleni,
akakaribia kuiwashia Tabora nzima taa za bure,
nikamwambia, shuka, baba.
Bado ile bapa.

Ile bapa ya dirishani, ya wateja wenye haraka.
Mweupe: kumi na mitatu.
Mweusi,
mimi nikihesabu kwa sauti, yeye kwa vidole:
kumi na mitatu.

Tukarudia. Pengine nilipepesa mimi.
Kumi na mitatu.

Akakaa juu ya katoni ya karatasi.
Akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya weusi wake.
Ulikuwa vuguvugu.
"Taa iko nyuma," akasema polepole.
"Inawaka muda wote.
Weusi ni pazia tu."

Pazia.
Nikaikumbuka nyumba yetu ya Usoke.
Mama hakufunika kibatari ili abane mafuta.
Aliteremsha utambi.
Na mchele ukiisha kuchambuliwa, puh,
tukalala na harufu ya moshi puani.

Sikumwambia hayo.
Nilipapasa chini ya bapa
nikakipata kitufe ambacho hakuna akigusaye,
nikapunguza mwanga, nusu, kisha chini ya nusu,
na luku juu ya mlango ikashusha pumzi:
kumi na mmoja.

"Simu yako," nikamwambia, "umesema
kila nukta ina kijitaa chake. Hiyo ivishe kaniki.
Hapa tuteremshe utambi."

Tovuti ilitoka njano ya nta, maandishi kahawia.
Ndivyo alivyotaka Bi Mhoja, mweka hazina wa ushirika:
"Nyuki anapenda giza, sawa.
Lakini nyuki hanunui asali."
Nkwabi alinuna siku mbili.
Ya tatu akaomba kigoda, akapime printa.

Na ule waya?
Jioni ile ile fundi alibisha hodi,
suruali ya mtu mkononi, ina makunyanzi,
akauliza kwa upole
kama umeme umekatika upande wetu,
maana pasi yake imepoa ghafla.

Nikamwonyesha kioo dirishani.
Upo, nikasema.
Tunautumia kidogo kidogo.